Kuku Hawafanyi Mtihani

Baba mkwe wangu watu wanamwita Mzee Kibao, na wanamwita hivyo mbele yake, kwa sababu jina hilo halimuudhi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo mwisho wa mtaa wetu kwa muda mrefu sana, hata nusu ya vichwa ninavyovisuka saluni kwangu vimewahi kuinama mbele yake. Jina halikutokana na fimbo, ingawa fimbo nayo alikuwa nayo. Lilitokana na kipande cha ubao, upana wa kiganja, chenye tundu na kamba. Mtoto akisikika shuleni anasema lugha ya kwao, anavishwa kile kibao shingoni na anakaa nacho mpaka amnase mwenzake aliyeteleza, amhamishie. Atakayekutwa nacho jioni ana haki yake ya fimbo asubuhi. Shule nyingi zilikuwa hivyo enzi zile, sikatai. Ila walimu wengine walikivisha kwa sababu wameagizwa, na Mzee alikivisha kwa moyo wote.

Alipostaafu, walimwandalia sherehe wakampa saa ya ukutani. Akaomba na kibao. Akakitundika sebuleni, chini ya saa, na mimi ndiye ninayekifuta vumbi tangu nilipoolewa katika nyumba hii. Nafua mashuka ya watu wanne bila kunung'unika, lakini kile kibao kilinichosha.

Sheria ya nyumba ilikuwa ileile ya shule: Kiswahili, na lugha ya vitabu kwa anayeiweza. Mimi haikunipa shida, nilizaliwa na Kiswahili na nitazikwa nacho. Aliyebanwa ni mama mkwe. Yeye alikuja mjini na lugha ya watu wachache wa mbali, lugha ambayo miaka yote hii sijakutana na mwingine anayeisema. Mzee yeye alitueleza kwamba ni mtu wa mjini, mtoto wa lami, hana ulimi mwingine. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa peke yake na maneno yake.

Alitii. Sikumsikia hata siku moja akimwambia binadamu neno la kwao. Lakini alikuwa na kuku.

Nilipokuwa bibi harusi bado, jioni moja nilitoka na beseni nikamkuta bandani ameinama, anaongea. Si kuita kuku kwa midomo kama sisi wengine. Anaongea, anauliza, anakemea, anabembeleza, lugha inamtoka kama maji ya bomba. Nikaganda na beseni langu, maana dirisha la sebule lilikuwa wazi na Mzee ameketi palepale na gazeti. Nikasubiri radi. Mzee akafunua ukurasa, akasema bila kuinua macho, "Kuku hawafanyi mtihani." Basi. Hukumu ikawa hiyo, na kila jioni tangu siku ile mama mkwe akawa anasema na kuku wake, na Mzee yuko dirishani na gazeti. Mimi nilidhani anamlinda asije akavuka mpaka.

Jambo jingine mnalopaswa kulijua kuhusu Mzee ni kwamba hakuna kilichompita. Chumvi ikikaribia kuisha, kabla sijafungua mdomo, amekwisha kuja nayo. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme na si mtu wa maneno mengi, alinisimulia kwamba alipokuwa mdogo viatu vyake vilitoboka kidoleni akawa anavificha kwa hofu ya baba yake, anatembea amekunja vidole. Kesho yake baba akarudi na viatu vipya vimefungwa kwenye gazeti, akaviweka mlangoni, hakusema kitu. "Baba ana macho kisogoni," mume wangu alisema, na alisema kwa woga, si kwa upendo. Kwa sababu mtu huyohuyo ndiye aliyemvisha kibao mbele ya shule nzima. Mtoto alijikwaa kwenye ngazi za darasa, akalia kwa neno la mama yake, neno moja tu la maumivu. Baba yake akamwita mstarini akamvisha kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo mume wangu hakutaka kuisikia ile lugha. Mama yake akiwa bandani, yeye alikuwa akiondoka uani.

Mama mkwe alituaga mwaka juzi. Mzee hakulia mbele za watu. Aliendelea kukaa dirishani na gazeti, na kazi ya kufungia kuku ikarithiwa na binti yangu.

Binti yangu tunamwita Kasuku. Yuko darasa la sita. Jina alilipata mapema, maana lolote aliloambiwa alilirudia likatoka vilevile, pamoja na yale ambayo usingependa wageni wayasikie. Mimi nilikuwa saluni tangu asubuhi, kwa hiyo alikulia kwenye pindo la bibi yake, na bibi yake alikuwa bandani. Mimi nilihesabu hilo kuwa msaada wa malezi. Sikujua kwamba ni shule.

Nililijua Jumapili moja ninamsuka. Pale shuleni pamekuja mwalimu kijana, watoto wanamwita Mwalimu Vina, ambaye ameanzisha siku ya mashairi ya nyumbani. Kila mtoto anaandika shairi kwa lugha ya kwao, analisoma mbele ya wazazi, halafu linasomwa kwa Kiswahili ili tusioijua lugha hiyo tusibaki nje. Katika shule ileile ya kibao. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika kiti. Kasuku nilidhani ataandika Kiswahili kama mama yake.

"Mama, langu nimeliandika kwa lugha ya Bibi," akasema.

Mkono ukanikwama katikati ya msuko. "Lugha ya Bibi umeijulia wapi?"

"Kwa kuku."

Nilimgeuza kichwa nimtazame usoni. Hakuwa anatania. Akanieleza, taratibu kama anayemfundisha mtoto, kwamba Bibi alikuwa akiwaambia kuku mambo ya leo na ya zamani, kisha anamnong'oneza yeye maana yake, na siku nyingine yeye ndiye aliyewaambia kuku na Bibi anasahihisha. Miaka yote hiyo. Chini ya dirisha la Mzee Kibao. Jasho lilinitoka, na feni ilikuwa inazunguka.

"Babu yako akisikia?"

"Babu haelewi," akasema. "Ila Mama, kuna tatizo. Natakiwa niwe na shahidi."

Hapo ndipo penye mzigo wa hadithi hii. Mwaka uliotangulia, mvulana mmoja alisoma shairi la kwao kwa hisia nzito, watu wakapiga makofi, mwalimu mkuu mwenyewe akafuta macho. Shangazi wa yule mvulana akachelewa kufika, akaomba arudie, na ndipo ilipojulikana kwamba shairi zima lilikuwa linalitukana tumbo la mwalimu mkuu. Kuanzia hapo ikawekwa kanuni: hakuna shairi litakalosomwa bila mtu mzima anayeijua lugha hiyo, asimame kando ya mtoto, afasiri mstari kwa mstari. Asiye na shahidi atasoma Kiswahili chake akae.

"Si usome hilo la Kiswahili," nikamwambia.

"Kwa Kiswahili si la Bibi." Na machozi yakaanza kushuka kimyakimya. Huyu ni mtoto ambaye hata kwenye mazishi alikuwa akitubembeleza sisi.

Nikajifunga kibwebwe. Niliuliza kila kichwa kilichoketi kwenye kiti changu. Mwanamke mmoja alidai anaijua kabisa, nikamsuka kwa heshima zote, kumbe anajua salamu, na hata hizo alizipata kwa dereva wa lori. Nikaenda kwa fundi cherehani, kwa muuza mkaa, kwa mganga wa meno. Hakuna. Lugha nzima ilikuwa imebaki kinywani mwa mtoto mmoja na masikioni mwa kuku. Nilimsihi Mwalimu Vina, akasema kwa upole kwamba anamwamini Kasuku lakini mwalimu mkuu na tumbo lake hawajasahau.

Kisha ikaja habari ya kunimaliza. Mgeni wa heshima mwaka huu ni mwalimu mkuu mstaafu, Mzee Kibao. Nani aliyefikiri vile, sijui. Mzee akapiga pasi suti yake mwenyewe, hakuuliza ni sherehe ya nini hasa. Sisi watatu tukafunga midomo. Mume wangu nilipomweleza kuhusu shairi aliweka bisibisi chini. "Atamvunja mtoto," akasema. "Atamvunja kama alivyonivunja mimi." Alitaka Kasuku abaki nyumbani siku hiyo. Kasuku akakataa.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa madarasa mawili yaliyotolewa ukuta wa mbao wa katikati, na kuta zote zimebandikwa mashairi, karatasi za rangi rangi, lugha hata sizijui idadi yake. Sijui ushairi, lakini wale watoto walinitoa kwenye kiti. Kulikuwa na msichana aliyeandika nusu kwa lugha ya mama na nusu kwa lugha ya baba. Mama na baba wale, ambao mtaa mzima unajua hawasalimiani, wakalazimika kusimama kila mmoja upande wake wa mtoto, wakafasiri kwa zamu, na baba akamsaidia mama neno. Kulikuwa na mvulana mwenye kigugumizi ambaye kwa lugha ya bibi yake hakukwama hata mara moja. Mwalimu wake wa hesabu alibaki mdomo wazi, na mimi pia.

Mara kwa mara nilimtupia Mzee jicho. Alikaa mbele, mikono juu ya mkongojo, uso kama mlango uliofungwa. Watoto walikuwa wakisema mbele yake, mmoja baada ya mwingine, yaleyale aliyowavisha wazazi wao kibao kwa ajili yake.

Ikafika zamu. Mwalimu Vina akasoma jina la binti yangu, akakohoa. "Shairi hili limeandikwa kwa lugha ya bibi yake mwandishi, marehemu. Kwa bahati mbaya hatukupata shahidi. Atatusomea kwa Kiswahili."

Kasuku akapanda, karatasi mkononi. Akasimama. Hakusoma. Mwalimu Vina akamnong'oneza, naye akatikisa kichwa. Watoto wa nyuma wakaanza kucheka. Nikamwona kidevu kinacheza, nikajua anashuka, na akishuka hivi hatapanda tena, kama baba yake.

"Shahidi yupo."

Mzee alikuwa amesimama. Nilijua sasa yamekuwa. Mume wangu akanishika mkono hata pete ikaniuma.

"Yuko wapi, Mzee wetu?" Mwalimu Vina akauliza.

"Unaongea naye."

 Mzee akapanda ngazi mbili za jukwaa, mkongojo ukigonga, akasimama kando ya mjukuu wake na kumwambia kitu. Hakukisema kwa Kiswahili. Kilikuwa kirefu, chenye kupanda na kushuka kulekule nilikokusikia bandani kila jioni ya ndoa yangu. Kasuku akamtazama kama aliyesikia jiwe linaongea. Wallahi mimi nilisimama bila kujua nimesimama. Mume wangu hakusimama. 

Kasuku akaanza. Anasoma mstari, Mzee anafasiri, kwa sauti ileile ya kutangaza matokeo.

"Njooni, wadogo zangu, mvua imeonekana mlimani." Watu wakatulia.

"Wewe mwenye shingo ndefu, mpishe mwenzako." Watu wakatabasamu, maana walianza kuelewa ni kuku.

"Wewe uliyetaga kwa jirani, aibu yako ni yangu." Ukumbi ukacheka. Mzee hakucheka.

Kasuku akasoma mstari mwingine, na Mzee akakawia. Kisha akasema, polepole, "Viatu vya mtoto vimetoboka kidoleni. Nani atamwambia mwenye nyumba."

Mume wangu aliuachia mkono wangu, akavitazama viatu vyake. Hatukutazamana. Vile viatu vilivyofungwa kwenye gazeti. Chumvi yangu. Miaka yote yale macho ya kisogoni yalikuwa masikio, na mama mkwe hakuwa akiongea na kuku hata kidogo.

"Tangu uende, mlango naufunga mimi," Mzee akafasiri. "Nauliza kama ulivyouliza: mmeingia wote?"

Ukabaki mstari mmoja. Kasuku akausoma, mfupi, akasubiri. Mzee akafungua mdomo akaufunga.  Mwalimu Vina akasogea, akadhani ni maradhi. Tukasubiri sana, mpaka Kasuku mwenyewe akautamka kwa Kiswahili, akimtazama babu yake na si sisi.

"Na najibu kama ulivyojibu: bado mmoja."

Makofi yalipasua bati. Mzee alishuka kwa kushikwa mkono, akapita katikati ya watu waliokuwa wanafunzi wake, na wote wakampisha, hakuna aliyejua amsalimu kwa lugha gani.

Nyumbani hakuna aliyekaa. Mume wangu alimfuata baba yake sebuleni akasimama chini ya saa. Sijawahi kumwona akimtazama hivyo.

"Baba, ile lugha unaijua."

"Naijua."

"Tangu lini?"

"Kabla sijajua Kiswahili. Ni ya mama yangu. Mimi na mama yako tulitoka kijiji kimoja."

 Mtoto wa lami.

"Na ulituambia huna."

"Nilivaa kibao, mwanangu. Nimekivaa utoto wangu wote, mimi nilikuwa mzito wa kujifunza. Shingo hii ina alama ya kamba mpaka leo. Nikaapa kwamba watoto wangu hawatakivaa. Wasipoijua, watavishwa kwa lipi?"

"Ulinivisha wewe," mume wangu akasema. "Hakunivisha mwingine."

  Nami nilikuwa nimekasirika, naliungama bila haya, nimekasirika kwa ajili ya mama mkwe kuliko kwa ajili ya mume wangu. Nikasahau adabu ya mkwe.

"Baba, na Mama alijua kwamba unasikia?"

"Alijua, mkwe. Angewaambia kuku habari za chumvi kwa nini?"

"Na wewe ulimjibu lini?"

"Nilileta chumvi."

"Kwa mdomo, Baba."

Akatikisa kichwa. Akavua koti la suti, akalikunja, akalilaza juu ya kiti, akaketi dirishani. Safari hii hakushika gazeti.

Mume wangu alitoka uani, nami nikamfuata. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na Kasuku, bado na sare za shule, alikuwa anawaingiza kuku. Nikamwuliza kitu nilichotoka nacho ukumbini. "Ule mstari wa mwisho umeutoa wapi?"

"Bibi alisema hivyo kila siku. Anauliza mmeingia wote, halafu anasema bado mmoja, halafu anafunga." Akainua mabega. "Mimi nilikuwa nawahesabu, Mama. Wote wako ndani. Nikamwambia Bibi, umekosea hesabu. Akasema hajakosea. Nikajua ndivyo tu mlango unavyofungwa."

 Niligeuka nikatazama dirishani, na dirishani hapakuwa na mtu.

Mzee alikuwa amekwisha kutoka nje. Amekuja bila mkongojo, anashika ukuta, shati jeupe la sherehe, viatu vimepigwa rangi, anakanyaga kinyesi cha kuku bila kutazama chini. Kasuku alimwona akasogea kumpa nafasi, lakini hakuacha kazi yake. Akainama mlangoni mwa banda akauliza lile swali, kwa ile lugha, kama kila jioni.  Hakulitaja jibu.

Mzee akainama naye, kwa shida, mkono mmoja juu ya banda, akasema maneno mawili matatu mle gizani mwa kuku, kwa sauti ndogo ambayo shule ile haijawahi kuisikia.

Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu, mtu mzima, mtoto wa mama yule, na ilimbidi ainame kwa binti yake aulize.

"Kasema nini?"

"Kasema, nimeingia, mke wangu. Nisamehe nimechelewa."

Kisha Kasuku akafunga mlango.